Gari linanuka kuungua: tafuta kinachounguza, si kilichoungua peke yake

Kwenye gari, kitu kinachoungua mara nyingi sicho chenye kosa. Mkanda unaungua kwa sababu beringi ya puli imekwama. Pedi za breki zinaungua kwa sababu pini za kalipa, kile kinachobana pedi kwenye disku, zimekauka. Waya unayeyuka kwa sababu kuna mtu aliweka fyuzi kubwa kuliko inayotakiwa. Ndiyo maana gari hupelekwa gereji, likabadilishwa mkanda, na haupiti muda linarudi linanuka vilevile. Kilichoungua kimebadilishwa, kilichokiunguza bado kipo.

Kabla ya kushika spana, jiulize mambo matatu: harufu yenyewe ni ya nini, inakuja wakati gani, na inanuka zaidi ukiwa upande gani wa gari. Harufu inayokuja ukipanda mlima ni tofauti na inayokuja ukishuka. Inayokuja ukisimama kwenye foleni baada ya mwendo mrefu ina maana yake, na inayokuja ukiwasha AC ina maana nyingine. Fundi mwenye akili atakuuliza hayo hayo, na ukiwa na majibu unampunguzia kazi ya kubahatisha kwa pesa yako. Marashi ya gari yatoe kwanza. Yanaficha kitu ambacho unahitaji kukinusa vizuri.

Unaendelea na safari au unasimama?

Ukinusa petroli, ukinusa plastiki au waya unaoungua, au ukiona moshi kwenye boneti au chini ya dashibodi, hakuna mjadala. Washa taa za hatari, egesha pembeni mbali na nyasi kavu, zima injini na shusha watu wote. Kama moshi unatoka chini ya boneti, usiifungue ikawa wazi. Ukiifungua unaupa moto hewa nyingi kwa mpigo mmoja, na uso wako uko hapo juu yake. Kama bado hujaona ndimi za moto, vuta kiachio cha ndani, iache boneti inyanyuke kidogo tu na kubaki kwenye ndoano yake ya usalama, kisha piga mtungi wa kuzimia moto kupitia uwazi huo. Mtungi mdogo wa kilo moja unaisha ndani ya sekunde chache, kwa hiyo lenga chini kwenye chanzo, si kwenye ndimi. Ukiona moto umekuzidi, ondoka. Kwa Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji unalipata kwa namba 114.

Harufu nyingine nyingi zinakuruhusu kwenda taratibu mpaka gereji ya karibu. Breki kwenye mteremko hazimo katika ruhusa hiyo.

Breki

Harufu ya breki zilizopata moto ni kali na kavu, inakwaruza koo. Hapa kuna hali mbili ambazo watu huzichanganya: magurudumu yote yamepata moto, au limepata moto moja tu.

Yakiwa yote, tatizo kwa kawaida ni uendeshaji. Anayeshuka Kitonga mkoani Iringa, au anayetoka Lushoto kuelekea Mombo, huku mguu umelala kwenye breki muda wote, anageuza nguvu yote ya gari linaloshuka kuwa joto ndani ya disku na ngoma. Pedi zinaanza kunuka, zinapoteza mshiko, na joto linahamia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa kuvumilia mpaka nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishakaa na kunyonya unyevu wa hewa, kiwango hicho kinashuka mpaka karibu nyuzi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka mpaka 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hayasukumi pistoni. Pedali inakuwa laini na kuzama mpaka chini. Kwa hiyo ile harufu ni onyo la mwisho unalopewa wakati breki bado zinashika.

Ukiinusa kwenye mteremko, tafuta pa kusimama mapema. Weka P, au gia ya kwanza kama ni gari la klachi, na weka mawe kwenye matairi. Kama breki za nyuma nazo zina moto, usitegemee hendibreki peke yake. Usimwage maji kwenye disku hata ukihurumia moshi wake, kwa maana chuma cha moto kikipoa ghafla kinapinda au kupasuka. Subiri mpaka joto lipungue kabisa, na kama pedali ilikuwa imelainika, usiendelee kushuka bila fundi kuiona. Kisha shuka kwa gia nzito: 2 au L kwenye otomatiki, B kwenye gari la haiburidi, na kwa gari la klachi tumia gia ileile ambayo ungepandia mlima huo. Kanyaga breki kwa nguvu kidogo, achia, kanyaga tena. Na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama kiwango hakijapungua. Wengi wetu tunaongeza tu, hatubadilishi.

Likiwa gurudumu moja, hilo ni kosa la chombo. Lijue hivi: endesha kilomita kama kumi kwenye barabara tambarare ukitumia breki kwa uchache, kisha liache gari lisimame lenyewe. Zunguka na usogeze mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Iliyokwama utaijua, inakufukuza kabla hujaifikia. Mara nyingi rimu hiyo imejaa vumbi jeusi kuliko wenzake, na gari linavuta upande mmoja au halitaki kuserereka ukiweka nyutro.

Sasa kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka. Piga jeki, weka stendi, zungusha gurudumu kwa mkono. Kama ni gumu, legeza kidogo nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa hiyo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, maana yake presha ilikuwa imenaswa ndani, na mtuhumiwa wa kwanza ni hosipaipu. Mpira wake huvimba kwa ndani: mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite kwenda, lakini kalipa haina nguvu ya kuyarudisha. Kwa nje hosi inaonekana nzima kabisa. Kama ni magurudumu ya pande zote yamenasa presha, angalia masta silinda au pedali iliyofungwa bila nafasi ya kupumua.

Ukilegeza nipo na gurudumu likabaki gumu, basi ni kalipa yenyewe. Anza na pini zake, kwa kuwa ndizo rahisi. Zivue, zisafishe kutu, zipake grisi ya silikoni ya breki. Usikubali grisi ya kawaida ya beringi, kwa sababu inavimbisha mipira na baada ya muda pini zinakwama zaidi ya mwanzo. Pini zikiwa safi na bado kumekaza, pistoni imeshika kutu, na hapo ni kubadilisha sili zake au kalipa nzima. Kwa magurudumu ya nyuma ongeza waya wa hendibreki kwenye uchunguzi, hasa kwa gari lililoegeshwa muda mrefu msimu wa mvua. Ukimaliza yote hayo, ifungue tena ile nipo na utoe upepo kabla ya kuingia barabarani.

Kufunga pedi mpya juu ya kalipa iliyokwama ni kutupa pesa. Pedi mpya kwenye kalipa nzima nazo hunuka kidogo siku za mwanzo mpaka zizoeane na disku. Hiyo usiihangaikie.

Klachi na gia

Harufu ya klachi wengi huichanganya na ya breki, lakini yenyewe huja ukipanda mlima, ukirudi nyuma kwenye geti lenye mwinuko, au ukisogea hatua kwa hatua kwenye foleni. Pima hivi: egesha tambarare pasipo na mtu mbele, vuta hendibreki mpaka mwisho, mguu mmoja ukiwa kwenye breki, weka gia namba nne, kisha achia klachi taratibu. Injini inatakiwa izimike. Ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza. Kabla ya kununua plati mpya, mwambie fundi akague sili ya nyuma ya krenki akishashusha gia boksi. Oili ikivuja hapo inalowesha plati, na plati mpya itaungua kama ile ya zamani. Akague pia kama pedali ina ule uchezaji mdogo wa juu. Klachi isiyo na uchezaji inakaa nusu imekanyagwa saa zote.

Kwa otomatiki, vuta dipstiki ya gia kama gari linayo, unuse mafuta yake. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, uliza kwanza yaliwekwa mafuta gani. Gia boksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, ina mafuta yake, na kuwekewa ATF ya kawaida (mafuta ya otomatiki nyingine) ni kuiua taratibu.

Oili inayodondokea ekzosi

Hii ndiyo harufu iliyozoeleka zaidi kwa magari yetu yaliyotumika Japani. Ni nzito, ya mafuta, na inaingia ndani ukisimama kwenye taa baada ya mwendo mrefu, kwa kuwa upepo uliokuwa unaipeleka nyuma umekoma. Ukibonyeza kitufe cha AC kinachozungusha hewa ya ndani, inapungua.

Injini ikiwa imepoa, chukua tochi uangalie mahali tapeti kava, kifuniko cha juu kabisa cha injini, inapokutana na silinda hedi, upande ule wenye ekzosi. Utaona mstari wa unyevu ulioganda vumbi, na chini yake, juu ya bati la kukinga joto, alama za kahawia zinazong'aa ambako matone yamekuwa yakikaangika. Gasketi ya mpira ikikaa miaka kumi na zaidi inakakamaa kama plastiki, ukiikunja inakatika.

Lakini kabla hujanunua gasketi, chomoa vali ya PCV, ile inayotoa mvuke na presha ndani ya injini, na uitikise sikioni. Inatakiwa igonge-gonge. Ikiwa kimya, imeziba. Presha ya ndani ya injini haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye kila sili iliyo dhaifu, na hata gasketi mpya itashindwa. Vali hii bei yake ni ndogo na mafundi wengi hawaigusi. Jambo lingine: usikubali silikoni ipakwe kuzunguka kava nzima. Mahali pake ni kwenye kona chache ambapo sehemu mbili za chuma zinaungana. Inayobonyea ndani ikikatika inakwenda kuziba chujio la oili kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Na bolti zikazwe kwa kipimo, kwa maana kava iliyokazwa kwa hasira inapinda.

Kama gari limetoka sevisi leo, huenda ni oili iliyomwagika tu, na itaisha ndani ya siku moja au mbili. Hata hivyo hakikisha kifuniko cha oili kimerudishwa na filta imekazwa.

Waya na plastiki

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asifanye haraka, kwa sababu ndipo magari yanapoteketea. Harufu ni ya plastiki, kali, na wakati mwingine inafanana na samaki aliyeoza, kwa sababu baadhi ya plastiki za umeme zikipata joto hutoa harufu hiyo.

Gari linatoka kiwandani na nyaya zilizopimwa. Shida huanza kwa vilivyoongezwa baadaye: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, redio kubwa, spotilaiti, chaja. Fundi anachuna waya wa karibu, anasokota, anazungusha tepu. Joto la kwenye boneti linalainisha gundi ya tepu, inaachia, na muungano uliolegea unaanza kutoa joto bila kuunguza fyuzi yoyote. Fyuzi hulinda dhidi ya umeme mwingi kupita kiasi. Haijui kabisa habari ya muungano mbovu.

Kisha kuna fyuzi yenyewe. Rangi zake zina maana: nyekundu ni ampia 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Mahali pa nyekundu pakiwekwa kijani ili isiungue tena, kitakachoungua safari ijayo ni waya, na waya unapita nyuma ya dashibodi katikati ya vitu vinavyoshika moto. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inakuambia kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi au waya umegusa bodi. Kitafutwe hicho. Karatasi ya sigara na kipande cha waya kwenye nafasi ya fyuzi viondolewe leo.

Taa nazo. Balbu ya kawaida ya halojeni ni wati 55 au 60, inayovuta karibu ampia 5. Wengi hufunga za wati 100 ili waone mbali usiku, na hizo zinavuta zaidi ya ampia 8 kila moja kupitia waya uleule na soketi ileile. Chomoa soketi nyuma ya taa: plastiki ikiwa imegeuka kahawia au imekunjamana karibu na pini, jibu umelipata. Rudisha balbu za kiwango na badilisha soketi. Ukitaka mwanga zaidi, fundi umeme afunge rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) na waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu kabisa na betri.

Ukishindwa kujua ni waya upi, zima kila kitu kisha washa kimoja kimoja, ukikipa kila kimoja dakika chache, huku mtu mwenye mtungi yuko karibu. Harufu ikija na feni ya AC, na feni hiyo siku hizi inafanya kazi kwenye spidi ya mwisho tu, rizista yake, inayopunguza spidi ya feni, imeungua. Ila angalia pia mota: majani makavu na filta iliyojaa vumbi huifanya mota izunguke kwa shida na kuvuta umeme mwingi, na rizista mpya itafuata ya kwanza. Terminali za betri zilizolegea hupata joto pia, zishike utikise. Na kama gari linalala karibu na ghala au banda la kuku, tafuta meno ya panya kwenye nyaya na kiota chake juu ya injini.

Mpira

Harufu ya mpira yenye mlio wa kukwaruza ni mkanda unaoteleza. Zima AC. Harufu na mlio vikipotea, kompresa ndiyo nzito. Visipopotea, zima injini, vua mkanda, zungusha kila puli kwa mkono: alternata, pampu ya maji, tensiona. Iliyokwama au inayokwaruza ndiyo yenye kosa. Kama ni pampu ya maji, usiendelee na safari, kwani injini itachemka.

Bila mlio, tazama matairi. Tairi pana kuliko la kiwango, au springi zilizolala kwa mzigo, hufanya mpira ukwaruze fenda, na alama yake inaonekana wazi kwa ndani.

Harufu tamu na harufu ya mayai

Harufu tamu-tamu kama sharubati ni kulanti. Kioo cha mbele kikiingia ukungu wenye mafuta na zulia la upande wa abiria likalowa, hita inavuja, hata kama hujawahi kuiwasha maisha yako yote, kwa maana kulanti inapita humo au karibu nayo. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

Mayai yaliyooza yana majibu mawili. Pima betri injini ikiwa inaunguruma: ikizidi volti 15, alternata inachaji kupita kiasi na betri inachemka. Usiwashe kiberiti karibu nayo. Betri ikiwa sawa, angalia masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi. Injini yenye misi, yaani silinda inayoruka bila kuwaka, hupeleka petroli isiyoungua kwenye ekzosi, nayo inaungua ndani ya masega mpaka yanageuka mekundu. Rekebisha plagi au koili kwanza. Masega mapya kwenye injini yenye misi hayadumu.

Masega yenye joto hilo ni hatari pia kwa nyasi. Anayepita njia za shamba achungulie chini ya gari akifika, aondoe majani na vipande vya salfeti vilivyojiviringisha kwenye ekzosi, na asiegeshe juu ya nyasi kavu.

Dizeli yenye chujio la masizi

Kwa wenye Mazda CX-5 ya dizeli na magari ya aina hiyo, kuna harufu moja ambayo si ugonjwa. Chujio likijaa masizi, gari linaliunguza lenyewe: mzunguko wa injini ukiwa umesimama bila kukanyaga mafuta unapanda kidogo, feni inaweza kuendelea hata baada ya kuzima, na nje kunanuka chuma cha moto. Likianza, endelea kuendesha kwa mwendo wa kutosha mpaka limalize, inaweza kuchukua dakika kumi na tano hadi ishirini. Ukilikatisha kila mara kwa safari fupi za mjini, dizeli inayosukumwa kwa kazi hiyo huishia kwenye oili. Vuta dipstiki: kiwango cha oili kikiwa kimepanda juu ya alama ya mwisho bila wewe kuongeza, badilisha oili kabla ya safari inayofuata.